Kamera ya Barazani Imekuwa Kiziwi

4 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimefika, na nyumba nimeikuta imesimama. Najua hilo ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza kama nilikula njiani. Kuku wapo wote. Jogoo hanitaki, kila nikitoka mlangoni ananitazama kama mwalimu wa zamu aliyemkuta mtoto nje ya darasa. Mama anakusalimu sana, na Baba anasema uache ubishi na ngazi za ghorofa, uusikilize mguu. Matokeo ya mtihani bado hayajatoka, kwa hiyo naendelea kuwa mtu asiye na kazi, na ndiyo maana kazi hii nimepewa mimi.

Sasa habari ya kamera. Ziko tatu, kila moja ina paneli yake ndogo ya sola na haitaki waya hata mmoja. Ya kwanza nimeifunga getini, ya pili nyuma jikoni, ya tatu barazani juu ya benchi lako. Zote tatu zinazungumza na kisanduku kimoja chenye laini ya simu ndani, na kisanduku hicho ndicho kinachowapelekea picha huko kwenye tableti. Kitabu cha maelekezo kimeandikwa kwa lugha ya shuleni, ile tunayofanyia mtihani lakini hatuiombei chumvi. Nimekielewa chote. Kinasema hatua ya kwanza ni kuhakikisha mtandao upo. Hakisemi ufanye nini kama haupo.

Nikuambie ukweli. Niliogopa mvua, nikakitia kisanduku ndani ya lile kopo lako la bati la biskuti, lenye picha ya farasi, nikalifunga kwa kamba na kulipandisha juu ya paa. Nilijiona fundi. Nikashinda kutwa nzima nikisubiri picha, wala haikuja hata moja. Jioni ndipo nilipogundua kwamba bati linazuia mtandao kama kifuniko kinavyozuia mvuke. Nilikuwa nimekizika kisanduku kikiwa hai.

Baada ya kukitoa nilizunguka nacho uani nimekinyanyua juu. Mtandao unashika pahali pamoja tu, kule kwenye ua wa michongoma, upande wa Mama Cherehani, na tena juu, sawa na dirisha lake. Nilikuwa juu ya ngazi, yeye yuko ndani anashona, akaacha kukanyaga pedali akanitazama. Nikashuka.

Bibi, unajua nilivyo. Hili jina la Kimya sikujipa mwenyewe. Watu wengine ni bubu kwa lugha moja. Mimi nimesomeshwa, ni bubu kwa lugha mbili. Kugonga mlango wa mtu mzima na kumwomba nafasi dirishani kwake ni jambo ninaloweza kulifanya vizuri sana nikiwa nimelala.

Nalo lazima lifanyike. Baba Mkubwa aliniambia pale stendi, mkono wake begani kwangu: mpaka mwisho wa Machi, kamera zikionyesha nyumba iko salama, Bibi atarudi kwake mguu ukipona. Zikionyesha mtu anaingia uani, anamuuzia yule bwana anayeitaka, na wewe utakaa kwake moja kwa moja. Kwa hiyo nyumba yako iko mikononi mwangu, na mikono yangu unakumbuka ilivyolifanya birika lako.

Nakusalimu kwa heshima.
Mjukuu wako, Kimya


15 Februari

Mume wangu Kimya,

Marahaba. Barua yako ililala wiki nzima kwenye koti la dereva wa basi, na alipoileta alikuwa amekwishaandika nyuma ya bahasha namba ya fundi wa breki. Huku tuko salama. Baba yako Mkubwa na mkewe wanatoka asubuhi, wanarudi jioni. Dirisha langu linaelekea dirisha la mtu mwingine, na huyo mtu kazi yake ni kupiga pasi mashati. Hatujasalimiana. Ghorofani watu hawasalimiani, wanasikilizana mabomba tu.

Baba yako Mkubwa ananiuliza kwa nini nisizungumze nawe kwa simu kama watu wengine. Nimemwambia nilikaa kwenye swichibodi tangu sijaolewa hadi nywele zikabadilika rangi, nikiwaunganisha watu waya kwa waya. Mtu akiniambia simu ina siri, namhurumia. Mimi ndiye niliyekuwa nasikiliza.

Kuhusu hizi kamera, fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini juzi picha zimeanza kuja. Nimeona geti. Nimeona benchi langu. Nimekuona wewe unapiga mswaki kama mtu anayeyadai meno deni. Kwa hiyo niambie, kisanduku umekiweka wapi? Maana uliniambia mtandao unashika pahali pamoja tu.

Nakukumbusha, usipokee kitu chochote kwa yule mwanamke, hata chumvi. Umri wako sasa unaruhusu kujua sababu. Siku nilipostaafu alinishonea gauni la bluu. Nilipoinua mkono wa kulia kuwapungia wenzangu, mkono wa gauni ukapanda karibu na kiwiko, na ndivyo nilivyotoka kwenye picha. Nilimwambia kistaarabu kwamba ameukata mfupi. Akanijibu mbele ya watu kwamba gauni halina kosa, mkono wangu ndio umerefuka kwa kuvuta waya za watu. Tangu siku hiyo tunapishana kama magari.

Habari ya kurudi au kutorudi usiitilie maanani. Mimi niko sawa popote. Bawaba ya mlango wa jikoni bado inalia? Ile taa ya ukumbini bado inataka kugongwa ndiyo iwake? Nauliza tu.

Mkeo mkubwa,
Bibi


27 Februari

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Huku bawaba inalia, taa inagongwa, kila kitu kiko kama ulivyokiacha. Matokeo bado. Mama alipita Jumapili akanikuta nafua, akasema kumbe inawezekana.

Kisanduku kipo pahali pa juu, pakavu, penye hewa.

Nikuombe radhi kwa habari ya mwizi. Najua Baba Mkubwa aliwatangazia mezani kwamba kamera ya nyuma imemnasa mtu mrefu asiye na kichwa, anacheza uani kwangu mchana kweupe. Alikuwa ofisini, kwenye kikao, simu ikamletea tahadhari mfululizo mpaka bosi wake akamuuliza kama kuna msiba. Bibi, lile lilikuwa shati langu la shule. Nilikuwa nimelianika, na upepo ulikuwa mwingi. Aliponipigia simu nilitaka kumweleza lakini maneno yakanikwama, nikasema tu "ni langu", akasikia "ni wangu", akaniuliza tangu lini nina rafiki anayecheza bila kichwa. Nashukuru ulimweleza wewe. Tangu hapo naanika ndani.

Jambo la pili ni lile la spika. Hakuna aliyeniambia kwamba kamera ya barazani, tofauti na zile mbili, inasikia na kusema. Nilikuwa nafagia baraza, kichwa changu kiko mbali kabisa, nikasikia sauti yako juu yangu: "Pembeni." Nilitupa fagio. Jogoo naye alikimbia, na huo ndio wakati pekee tuliowahi kukubaliana. Na muuza maziwa, yule uliyemwuliza kutoka juu kama ng'ombe wake ananyeshewa, alitazama mbinguni kabla ya kuitazama kamera. Siku iliyofuata maziwa yalikuwa mazito hadi yakagoma kutoka kwenye chupa. Sasa watu wanaopita wanasimama getini kukuamkia. Fundi wa baiskeli huvua kofia.

Sikukatazi, Bibi. Naomba tu ukohoe kwanza.

Kimya wako


9 Machi

Mume wangu,

Marahaba, na nakohoa. Umesikia?

Mguu unakubali. Natembea kutoka kitandani hadi dirishani, namtazama mpiga pasi, narudi. Juzi alininyanyulia pasi. Nadhani ndiyo salamu ya huku.

Nina maswali matatu kwako, na ujibu kama mwanamume. La kwanza, "pahali pa juu, pakavu, penye hewa" ni jibu la mganga. Mimi nimeuliza wapi.

La pili, umenenepa. Ulipofika ulikuwa kama mpini wa jembe, sasa naona una mashavu. Kwa mapishi ya nani? Wewe huwezi hata kuchemsha maji bila kuyaunguza.

La tatu, nimekusikia. Usishtuke. Kila asubuhi unasimama barazani peke yako na kusema, "Shikamoo mama, samahani kwa usumbufu," kisha unakohoa, unaanza upya. Kuna siku ulirudia mpaka jogoo akakujibu. Nilicheka hadi mkwe wangu akaja kuniangalia. Unajiandaa kumwamkia nani? Kama ni mama wa msichana, sauti ishushe kidogo, unapanda juu sana kwenye "samahani". Kama ni mtu mwingine, mimi sijui kitu.

Nimeona pia vyungu vyangu vya maua vimelowa kila asubuhi, na mvua hainyeshi. Unamwagilia wewe?

Mchana wakiondoka wote huwa naiacha kamera ya barazani ikisikika. Usingizi unanichukua vizuri. Huku ghorofani kimya chake si kimya cha nyumbani. Nadhani ni upepo wa huko.

Bibi


18 Machi

Bibi,

Shikamoo. Ndiyo, maua namwagilia mimi.

Hapana, simwagilii mimi. Nimeandika hivyo nikaitazama sentensi nikaona aibu. Karatasi ni moja tu iliyobaki, kwa hiyo naiacha hapo uione.

Nikuambie yote kwa pamoja, maana kwenye karatasi nina mdomo, ni usoni mwa watu ninapoupoteza.

Kisanduku kiko dirishani kwa Mama Cherehani. Sikumwomba. Siku nyingine nilipanda tena ngazi, nikasimama pale na kisanduku kichwani, nikisubiri ujasiri. Alinitazama kisha akasema, "Wewe mtoto, unatega mvua? Lete hapa." Akakiweka juu ya dirisha kati ya uzi mweusi na uzi mweupe. Hakuuliza ni cha nini. Nilipomweleza kwamba ni cha kamera za kumwonyesha Bibi nyumba yake, alishona mshono mzima, kisha akaniuliza kama umeme ukikatika kitahitaji betri. Sasa ameweka betri. Na mashavu pia ni yake, Bibi. Siwezi kusema hapana kwa mtu mzima anayenipa sahani. Kusema hapana nako ni kusema. Yale mazoezi ya asubuhi yalikuwa ya kwenda kumshukuru. Sijamshukuru mpaka leo.

Uliponiandikia kwamba unanisikia, niliona haya mpaka masikioni. Kuhusu sauti ya kamera ya barazani sina la kusema.

Sasa lililo kubwa. Jana Baba Mkubwa alinipigia simu. Kamera imemnasa mtu kweli, alfajiri, anapita penye pengo la michongoma, ameinama, ameshika kitu. Amesema hili si shati. Amesema mali isiyo na mwenyewe haina mlinzi, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi anakuja na yule bwana mnunuzi.

Nimeitazama picha hiyo. Alichoshika ni ndoo ya kumwagilia. Mtu mwenyewe amejifunga mtandio vizuri kama anayejua kwamba anapigwa picha, na shingoni amening'iniza utepe wa kupimia nguo, alfajiri yote ile. Nimerudi nyuma kwenye picha za siku nyingine. Yumo kila siku. Bibi, nadhani alikuwa anakuja tangu ulipoondoka, kabla ya kamera.

Wewe ukimwambia Baba Mkubwa ni nani, yataisha. Mimi nikimwambia, atasikia nusu. Tafadhali mwambie.

Kimya


25 Machi

Kimya,

Kwanza kabisa, kamera ya barazani imekuwa kiziwi. Picha inakuja, sauti haiji. Itengeneze haraka. Usiku silali, na mchana ndio kabisa. Usiniulize kwa nini, nyumba lazima isikike, ndiyo maana ya ulinzi.

Baba yako Mkubwa ameniletea ile picha ya alfajiri karibu na pua. Nimemwambia sioni vizuri. Akaikuza. Nimemwambia ni mbuzi. Akasema, mama, mbuzi amevaa mtandio. Nimemwambia siku hizi wako wa kila aina.

Siwezi kumtaja yule mwanamke kwa wema mbele ya mwanangu baada ya miaka yote niliyomtaja kwa ubaya. Nitaanzia wapi? Ulimi una mazoea yake.

Nilikwenda hospitali kupimwa fimbo ya kutembelea. Mtaalamu wa viungo ameniambia nisimame wima, mikono ishuke, akapima mkono wa kulia, akapima wa kushoto, akarudi tena wa kulia. Akaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani. Jambo lisilo na umuhimu wowote, nakuandikia tu kujaza ukurasa.

Kuhusu nyumba, fanyeni mnavyoona. Mimi ni mtu mzima, nakaa ninapowekwa. Lakini usiruhusu mtu yeyote akalie benchi langu upande wa kushoto, mguu wake mmoja umelegea na ni mimi tu ninayejua kuukalia.

Bibi


31 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe ishirini na tano imeletwa leo na basi la asubuhi, wakati Jumamosi imekwishapita na mnunuzi amekwishakalia benchi upande wa kushoto. Hakuumia.

Najua uliona kila kitu kwenye tableti bila kusikia, mpaka pale mwishoni. Kwa hiyo nakuandikia sehemu iliyokuwa ya bubu. Sababu ya ububu wake ni mimi. Nilibandika plasta kwenye kitundu cha maiki, ile plasta ya vidonda, siku niliposoma kwamba unasikia mazoezi yangu. Sikujua kwamba kwa plasta hiyo nilikuwa nakunyima usingizi. Leo mchana nimetoa kiti nikakaa barazani, nikafumba macho nikasikiliza unachosikiliza. Bibi, huo si upepo. Ni cherehani.

Walifika kabla ya saa sita. Mnunuzi ni mtu mnene, mpole, anayegonga kuta kwa kidole kama daktari. Ulimwona. Baba Mkubwa alimwonyesha vyumba, akagonga taa ya ukumbini ikawaka, mnunuzi akaipenda. Kisha wakatoka uani, Baba Mkubwa akanionyesha ile picha kwenye simu na kuniuliza, mbele ya mgeni, kama ninamjua mtu huyo au nilikuwa nimelala. Pale ndipo uliponiona nimesimama kama nguzo. Nilikuwa natafuta neno. Lugha zote mbili zilikuwa zimetoka kwenda mahali.

Mama Cherehani alikuwa dirishani, anasikia yote. Alikuja kupitia lile pengo, mchana kweupe, akachukua simu mkononi mwa Baba Mkubwa, akaisogeza mbali kidogo na macho. Akasema, "Mimi huyo. Ndoo ni yangu, maji ni yangu. Maua tu ndiyo yenu."

Baba Mkubwa alinywea. Lakini unamjua mwanao, akinywea hutafuta pa kusimamia. Akasema anashukuru, ila hilo halibadilishi kitu, nyumba bado haina mtu, mama yake amezoea kule na hajalalamika hata siku moja. Mnunuzi akaitikia kwa kichwa. Baba Mkubwa akamshika mkono kwenda kukaa barazani kumaliza mazungumzo.

Basi hapo nilisema. Sijui sauti ilitoka wapi, nadhani ilitoka kwenye "samahani", maana ilikuwa juu sana.

Nilisema, "Baba Mkubwa, Bibi anataka kurudi nyumbani. Hajalalamika kwa sababu hujamwuliza."

Wote wakanigeukia. Nikaona kwamba nikinyamaza hapo sitaweza kuanza tena, kwa hiyo nikaendelea. Nilimwambia kila barua unauliza habari ya bawaba, ya taa, ya benchi, na kila barua unasema unauliza tu. Nilimwambia kwamba mtu aliyezoea kukaa mahali haulizi bawaba za mahali pengine. Mama Cherehani alisema polepole, kama anajisemea, "Kimya kingi kina mshindo." Kisha nikaburuta kiti mpaka chini ya kamera, nikapanda, nikabandua plasta.

Kuanzia hapo ulisikia. Lakini wewe ulisikia kwa masikio, hukuona nyuso, kwa sababu tulikuwa chini kabisa ya kamera. Acha nikusimulie.

Sote tukatazama juu. Spika ikalia kidogo, ukakohoa. Nakushukuru kwa kukohoa. Mama Cherehani alikuwa ameushika ule utepe wake shingoni kwa mikono miwili. Halafu ukasema yale maneno yako, baada ya miaka yote hiyo:

"Maua ya kona unayazidishia maji."

Bibi, uso wake sikuwahi kuuona hivyo. Alitaka kucheka akakataa, akatazama chini, akatazama juu. Akakujibu, "Kama hutaki, njoo umwagilie mwenyewe."

Baba Mkubwa alikaa kwenye benchi bila kuambiwa, mnunuzi naye akakaa upande wa kushoto. Aliiangalia kamera, akakuuliza, polepole, kama mtoto, "Mama, kweli unataka kurudi?" Na wewe ukasema nini? Ukasema, "Na wewe unaniuliza leo, mbele ya wageni." Nilidhani umemkataa. Lakini yeye alielewa, kwa sababu aliinama akajifuta macho kwa tai.

Mnunuzi ndiye aliyetuokoa. Alisimama, akajipangusa suruali, akasema yeye alikuja kununua nyumba, lakini anaona hii haiuzwi, hii mtu anaiposa kwanza. Akaaga kila mtu, na kamera pia. Baba Mkubwa alimsindikiza hadi getini, aliporudi akaniuliza nilikuwa nimeificha wapi sauti yangu siku zote. Sauti ilikuwa imekwisha.

Jioni nilikwenda kwa Mama Cherehani kumshukuru. Nilisimama mlangoni nikasema, "Shikamoo mama," nikakwama. Akaniambia nisijisumbue, mengine amekuwa akiyasikia kila asubuhi kupitia michongoma.

Matokeo yametoka. Nimefaulu. Nimesahau kuanza na hilo.

Mjukuu wako, Kimya


10 Aprili

Mume wangu msemaji,

Marahaba. Umefaulu, na mimi nilijua, lakini nimelia kidogo kwa heshima ya walimu. Dereva wa basi safari hii ameileta barua siku ileile. Amesema fundi wa breki amebadilisha namba, hakuwa na cha kuandika.

Nakuja Jumapili. Baba yako Mkubwa ananileta mwenyewe na gari, amekwisha kunipimia kiti. Siku hizi ananiuliza kila kitu. Mama, unataka dirisha wazi? Mama, unataka chai sasa au baadaye? Nimemwambia apunguze, mtu hahamishwi kutoka kutoulizwa hadi kuhojiwa. Mpiga pasi nimemwaga. Nilinyanyua mkono dirishani, naye akanyanyua shati zima.

Nisikilize maagizo. Kamera ya getini iache. Ya nyuma iache, ila usianike kitu mbele yake. Ya barazani itoe hapo juu ya benchi. Nyumba sina haja ya kuitazama, nitakuwa ndani yake. Baba yako Mkubwa namwachia tableti yake, na hiyo kamera uifunge ukumbini, penye jua la dirisha, ielekee kiti changu, ili akitaka kujua mama yake anaendeleaje aangalie mwenyewe. Nimemwambia atakohoa kwanza. Kisanduku usikiguse. Kibaki palepale kilipo, kati ya uzi mweusi na uzi mweupe. Nani anajua mtandao utashika wapi kwingine.

Pengo la michongoma Baba yako Mkubwa anataka kuliziba. Mwambie mimi nimesema liongezwe. Mtu mwenye fimbo hapiti kwa kuinama.

Pamoja na barua hii dereva atakupa mfuko. Ndani kuna gauni la bluu. Lipeleke dirishani. Usiseme neno, hiyo ni kazi unayoiweza. Akilitazama na kukaa kimya, wewe subiri. Akikuuliza linatakiwa kufanywa nini, mwambie mkono wa kulia uongezwe, vidole viwili.

Na akicheka, mwache acheke. Ila usisahau, mimi sijasema kitu.

Bibi